Mchunga Safi

Nilipostaafu, wenzangu wa maabara mlinipa doti mbili za kanga, saa ya ukutani isiyokuwa na betri, na ombi kwamba nikae kitako niandike niliyoyaona kazini yasije yakapotea. Kanga nimezivaa, betri nimenunua, na ombi ndilo hili. Habari za vyeo sitaziandika, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitawaandikia habari za chupa, za majani machungu, na za mtu mmoja wa kisiwa cha Juani niliyemvunjia heshima kwa swali la maneno mawili.

Nilikuja Mafia nikiwa msichana wa Mbinga ambaye bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda. Nilishuka gatini Kilindoni nimetapika kila kitu isipokuwa jina langu, nimepakata sanduku la hadubini mpya niliyokabidhiwa Dar es Salaam. Mzee Kitundu, mkuu wa maabara, Mnyaturu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea majeraha, alikuwa akinisubiri. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku akilipokea sanduku, akalifungua palepale, akazitazama lenzi moja moja, ndipo akaniuliza safari ilikuwaje.

Siku yangu ya kwanza alinipa chupa ya damu akaniambia nipime. Majibu yakaja ya ajabu: kwa mujibu wake mgonjwa alitakiwa awe amekufa juzi. Nikarudia. Nikakisafisha kimashine, nikarudia tena. Nikaulaumu umeme wa jenereta, nikaulaumu unyevu wa bahari, na mchana ukaisha. Jioni Mzee Kitundu aliinua macho kutoka kwenye gazeti la mwezi uliopita.

"Binti, aliyeleta hiyo chupa ulimuuliza chochote?"

Sikuwa nimemuuliza. Chupa ilikuwa imekaa tangu asubuhi kwenye jua la gatini, ndani ya ndoo ya dagaa.

"Kabla hujaulaumu mtambo," akasema, "muulize aliyeleta chupa." Kisha akarudi kwenye gazeti lake. Kanuni hiyo nimewafundisha ninyi nyote, na mimi mwenyewe niliivunja siku ilipohitajika kuliko siku zote.

Wenye kisiwa wana adabu, na adabu ikiingia maabara ni shida. Bibi mmoja wa Kirongwe aliniletea mkojo kwenye chupa ya marashi, na kwa kunionea huruma akauongezea matone mawili ya marashi yenyewe. "Mwanangu, kutwa wanusa vitu vya watu," aliniambia. "Nikaona leo angalau upumue." Nilimshukuru, nikampa chupa nyingine. Mzee Kitundu alipopata habari alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Watoto waliniita Mama Damu, na wakubwa wakawaiga. Mzee Kitundu akastaafu akarudi kwao Singida, nikarithi kiti chake na lile gazeti, nikaolewa, nikazaa, lakini kwa adabu ya pale niliendelea kuwa mgeni. Nikienda nyumba ya mtu naletewa kiti peke yangu wakati wenzangu wamekaa jamvini, na kipande kinono cha nguru kinawekwa upande wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Nilinenepa kwa ugeni huo, na moyoni ulinichosha.

Mtambo wa kupima kemia ya damu ulipofika, tukaanza kuona mambo ambayo zamani yalipita bila jina. Mojawapo ni kuumia kwa ini. Ini halipigi kelele. Seli zake zikiumia humwaga vimeng'enya kwenye damu kimyakimya, na mtambo huvipima. Ndipo akaja Fundi Mbaraka, fundi wa vyombo vya baharini wa Juani, mtu wa makamo, mwembamba, aliyejulikana kwa mambo mawili: chombo alichokiziba hakivuji hata tone, na sauti yake. Alikuwa muadhini wa msikiti wa kijijini kwao tangu ujana.

Alilalamikia uchovu na uzito chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi ilionyesha ini limejaa mafuta, na damu yake ilionyesha vimeng'enya viko juu sana. Virusi vya homa ya ini hakuwa navyo, mnene hakuwa, sukari hakuwa nayo. Tulivyosomeshwa sisi, mtu wa namna hiyo swali lake ni moja. Nikatoa kichwa dirishani, nyuma yake foleni ya watu waliovuka naye mashua moja, nikamuuliza: "Unakunywa pombe?"

Alinitazama kwa utulivu. "Mama, ini la papa limejaa mafuta," akasema, "na papa hajaonja tembo tangu azaliwe."

Foleni ikacheka. Tembo la mnazi linajulikana Mafia yote, na mimi nikadhani ananifanyia mzaha mbele za watu. Nikapandisha sauti: "Baba, mimi nataka jibu la kweli." Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi Mbaraka alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaondoka.

Jibu lake lilikuwa la kweli, tena la kitaalamu kuliko swali langu. Mafuta kwenye ini yana njia nyingi za kuingilia, na pombe ni njia mojawapo tu. Nilikuwa najua hayo. Siku ile sikuyakumbuka, kwa sababu nilikuwa na foleni ndefu na kiburi kidogo.

Habari ilipanda mashua pamoja naye kurudi Juani. Hakuna aliyemkataza kuadhini, alijikataza mwenyewe. Wiki mbili baadaye mkewe, Bi. Mwanahawa, alikuja maabara. Hakuja dirishani, alipita mlangoni.

"Mama Damu, sikuja kugomba," alisema. "Nimekuja kukwambia mume wangu hanywi. Mie ndiye ninayelala naye, harufu ya kinywa chake naijua. Sasa akisikia adhana ya mtu mwingine ajifunika shuka. Watu wasema muadhini ana ini la mlevi. Neno limetoka dirishani kwako. Utalirudishaje?"

 Nilimwambia nitavuka nikaone mumewe anafanyia kazi wapi.

Nilikwenda Jumamosi, pikipiki mpaka Utende, kisha mashua. Zamani mafundi wa vyombo waliziba nyufa kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwa patasi na nyundo, kisha chombo kikapakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayonuka mpaka kijiji cha pili. Papa walipoadimika, sifa nayo ikaadimika. Ndipo mafundi wakapata gundi ya bure: lile povu jeupe gumu linalofungiwa friji na televisheni, bahari hulitupa ufukweni, nawe ukilitia kwenye petroli huyeyuka likawa uji wa kunata. Fundi Mbaraka aliukoroga ndani ya banda alilolizibia upepo ili usikauke haraka. Aliinamia ufa kutwa nzima, pua yake shubiri moja kutoka kwenye kopo, na alikuwa amefanya hivyo kwa miaka. Mimi nilikaa nusu saa, kichwa kikaniuma, nikatoka nje.

"Fundi, hiyo unaivuta kila siku?"

"Siivuti. Naifanyia kazi."

"Ini halijui tofauti yake."

Nilimweleza kwamba mvuke ule hupita mapafuni ukaingia kwenye damu, na ini ndilo linalopewa kazi ya kuuondolea sumu. Likizidiwa, linashindwa kuyashughulikia hata mafuta yake lenyewe, yanarundikana. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara, halafu akasema neno ambalo nimelirudia katika kila semina: "Kumbe niliacha sifa, nikakosa sifa."

Niliwapima na mafundi wenzake. Baadhi yao damu ilianza kusema maneno yaleyale, na hakuna aliyekuwa mnywaji. Lakini huo ulikuwa ubashiri wangu tu, na mtu aliyewahi kubashiri vibaya dirishani hana budi kutafuta ushahidi. Nikamwandikia Dk. Neema, mtaalamu wa mimea niliyekutana naye mafunzoni Dar es Salaam. Akajibu kwamba maabara yake inatafuta viambata vya mimea vinavyoweza kulikinga ini na mafuta yanayoletwa na kemikali. Je, watu wa huko hutumia nini?

Nilimuuliza Bi. Mwanahawa. Hata hakufikiri. "Mchunga," alisema.

Mchunga mnaujua, mboga ya porini inayojiotea kwenye mashamba ya mihogo, chungu kama kwinini. Mama yake Bi. Mwanahawa alikuwa akiwatibia watu walioingia umanjano machoni. Nikamwomba achume, akaushe kivulini, anitumie kwa mashua. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa maabara, nikaongeza: "Naomba uwe safi."

"Utakuwa safi," akajibu, kama aliyeudhika kidogo kuambiwa jambo lililo wazi.

Mzigo ukafika, majani makavu yaliyovunjikavunjika, hayana mchanga wala jani la kigeni. Nikajaza fomu: sampuli imepokelewa, hali nzuri. Penye "namna ilivyoandaliwa" nikaandika: imekaushwa kivulini. Nikatia saini.

Dk. Neema aliwavutisha panya mvuke wa gundi ileile. Wengine akawanywesha maji ya majani yetu, wengine hakuwapa kitu. Nilisafiri kwenda kutazama slaidi pamoja naye. Kwa ambao bado hamjaziona, kwenye ini la namna hiyo mafuta yenyewe huyaoni. Wakati wa kuandaa slaidi, spiriti huyaosha yote, na kinachobaki ni matundu meupe mahali yalipokuwa. Tunausoma ugonjwa kwa kitu kilichokwisha kuoshwa. Panya wa gundi walikuwa na matundu tele, kwa hiyo ubashiri wangu ulikuwa sahihi. Ila waliokunywa mchunga nao walikuwa na matundu vilevile.

Siku ile ilinipasa nipande boti moja kwa moja mpaka Juani nikamsafishe Fundi Mbaraka. Sikwenda. Nilijiambia nisubiri nipeleke habari mbili kwa mpigo, ya ugonjwa na ya kinga, ili niingie kijijini na mkono uliojaa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nikaomba mzigo wa pili wa mchunga. Majibu yakawa yaleyale. Nikawalaumu panya, nikalaumu vipimo, nikaulaumu mtambo wa kusagia, yaani nilifanya kila nililolifanya siku yangu ya kwanza kazini.

"Dada Skola, mchunga wako ni mboga tu," Dk. Neema aliniambia kwenye simu. "Niletee mzigo wa tatu kama unao, lakini mwisho wa mwezi nafunga faili. Kuna mimea mingine inasubiri."

Basi sikuwa na habari ya pili ya kusubiri, na aibu ikakosa pa kujificha. Kesho yake nilivuka bila kutoa taarifa, na kwa kuwa sikutoa taarifa, hakuna aliyeniandalia kitu.

Bi. Mwanahawa alikuwa uani, beseni la maji ya kijani mbele yake. Alikuwa akifikicha majani mabichi kwa chumvi, anakamua, anamwaga maji, anaanza upya. Kuku walipita mbali na pale yalipomwagika.

"Hodi hapa."

"Karibu. Mama Damu, mbona hukusema waja? Kiti kiko ndani, ngoja."

"Acha kiti. Hicho ni chakula cha mchana?"

"Hiki ni chako. Mzigo wa tatu. Si ulisema uwe safi?"

Nikajikuta nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Na ule wa kwanza uliusafisha hivi hivi?"

"Yote. Sie wenyewe twakamua mara moja tu, tushazoea. Mgeni hukamuliwa mara tatu, ya mwisho kwa maji ya moto, ndipo naanika. Nitampaje mgeni kitu kichungu?"

"Na wale wa umanjano, mama yako aliwapa uliokamuliwa?"

Mikono yake ilisimama. "La," akasema polepole. "Wale aliwapa maji yake." Akalitazama beseni, kisha akanitazama mimi.

Tulicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Nilikuwa nimesema "safi" kwa maana ya maabara, yeye akasikia "safi" ya jikoni, na wote wawili tulikuwa tunasema Kiswahili kizuri kabisa. Bibi wa Kirongwe alinitilia marashi kwenye mkojo. Huyu alinitolea uchungu kwenye dawa. Kosa halikuwa lake. Aliyeleta chupa yupo, ana jina, na mimi sikumuuliza. Nilichota kikombe kimoja cha yale maji nikanywa. Uchungu ulinipanda mpaka masikioni.

Kisha nikaenda bandani, kwa sababu ndilo lililonileta. Mafundi walikuwapo, na wazee kadhaa wanaopenda kukaa pale kukosoa kazi za watu.

"Fundi Mbaraka, shikamoo."

"Marahaba."

"Nilikuuliza swali mbele za watu, na mbele za watu nimekuja kulijibu mwenyewe. Wewe hunywi. Mafuta ya ini lako yametoka kwenye kopo hili. Tumewapa panya mvuke wake, wamepata ini kama lako, na panya hao hawajaonja tembo. Uliponiambia habari za papa ulinijibu kweli, mimi nikakufanya mwongo. Nisamehe."

Mzee mmoja alikohoa. "Sasa hiyo gundi ni halali au haramu?"

"Kwa ini ni haramu," nikasema. "Kwa dini muulizeni shehe."

Fundi Mbaraka aliweka patasi chini. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini ulichelewa."

Nilikuwa nimechelewa, na sikujitetea. Nikarudi uani kumsaidia Bi. Mwanahawa kuchambua majani ya kuanika bila kukamuliwa. Alasiri ilipofika, sauti ilitoka msikitini, imekwaruza kidogo kwa kukaa siku nyingi bila kutumiwa. Bi. Mwanahawa aliacha mikono ndani ya beseni mpaka adhana ilipokwisha.

Safari hii fomu niliijaza mistari yote. Nilituma majani yasiyokamuliwa, na mengine yaliyokamuliwa mara tatu, ili Dk. Neema awalinganishe panya wenyewe kwa wenyewe. Tulipotazama slaidi, matundu ya panya wa mchunga mchungu yalikuwa machache, na seli zao zimekaa kwa mpangilio. Dk. Neema alinisukuma kutoka kitini ili atazame mwenyewe, akaondoka, akarudi kutazama tena. Faili halijafungwa mpaka leo.

Sasa anavitenganisha vile viambata vichungu kimoja kimoja ajue ni kipi kinachofanya kazi. Hiyo ni kazi ya rika lenu, na nawaonea wivu. Lakini shikeni hili: panya si mtu, na uchungu ukizidi nao unaweza kudhuru. Alinijia bwana mmoja anataka kuyatia yale maji kwenye chupa na kubandika picha yangu. Nilimwambia picha yangu haijawahi kuponya mtu.

Fundi Mbaraka aliacha gundi. Alibomoa ukuta wa banda upande wa upepo, akarudia pamba, na badala ya sifa akatumia mafuta ya nazi. Maji ya mchunga alianza kunywa kwa hiari yake, nami nikawa nampima. Mwaka hadi mwaka mafuta ya ini yalipungua, na damu yake leo haina neno. Je, ni kwa kuacha gundi au ni kwa mchunga? Mimi sijui, Dk. Neema hajui. Fundi Mbaraka anasema anajua, ila yeye hana kundi la kulinganisha. Mafundi vijana wa Juani siku hizi hufanya kazi banda likiwa wazi, wakiulizwa wanasema hawataki ini la papa.

Baada ya kustaafu nilivuka kwenda kuwaaga. Nilitoa taarifa mapema, wiki nzima. Walipika wali wa nazi na pweza, na pembeni bakuli la mchunga. Kiti sikuletewa. Nikasubiri kidogo, kisha nikavua viatu nikakaa jamvini kama wengine, goti langu bovu likiugua. Nilimega tonge la wali, nikachovya kwenye mchunga, nikatia kinywani. Ulikuwa mchungu.

Nilimtazama Bi. Mwanahawa. "Umeukamua mara ngapi huu?"

"Mara moja," alisema, akaendelea kula.